Kambale Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Juni 1996. Lodwar

Bosi wetu, Ereng, amerudi kutoka Kitale na wazimu mpya. Wazimu wa Ereng huja kwa msimu. Mwaka jana ilikuwa pikipiki ya mbao, watu waikalie wapigwe picha. Sasa ni kisanduku cha kioo! Ameona studio moja huko, kando ya kiti cha mteja kuna kioo kimejaa maji, ndani majani mabichi yanayumba na visamaki vinapita. Watu wanapanga foleni. Akasema hapa kwetu, mahali mtu huota kijani usingizini, si tutauza?

Halafu akatoa neno lenyewe. Anafungua studio ya pili Kakuma, karibu na kambi, ambako kila mkimbizi anataka picha ya kumtumia ndugu yake ng'ambo. Atakayetengeneza kisanduku kizuri bila kumsumbua mfukoni ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa Kakuma.

Nikatabasamu. Nani tena kama si mimi? Mimi ndiye ninayesafisha filamu, mimi ndiye ninayefuta chunusi za watu kwa penseli hadi hata askari wa Kainuk anatoka kama bwana harusi. Nimechoka kulala sebuleni kwa ndugu yangu, mkewe akinitazama mkono kila ninapotia sukari. Nataka mlango wangu. Kitanda changu nyuma ya pazia. Jina langu juu ya bati: STUDIO YA NAKIRU.

Kumbe bosi hakuwa ananitazama mimi peke yangu. Alikuwa anatutazama sisi wawili. Mimi na Nyachuol!

Nyachuol, Mnuer wa Sudan, mkimbizi wa kambini, aliyeletwa hapa mwezi Machi kujifunza kazi. Juzi tu! Akitia filamu kwenye kamera bado anauma ulimi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata vioo. Kabati la bosi lililovunjika mlango lilikuwa linaoza nyuma ya choo, vioo vyake vizima. Fundi akanikatia, nikavibandika kwa ile saruji laini ya madirisha. Kisanduku ukubwa wa redio. Kizuri! Nikamimina maji, kikavuja pande zote. Sketi yangu yote maji, mbele ya wateja.

Nyachuol naye? Ameenda kwa Msomali wa duka la pembeni, akamchekea, akarudi na chupa kubwa ya peremende, ile ya kioo kinene yenye mdomo mpana. Haivuji. Hakutoa jasho hata tone. Bosi akaigonga kwa kidole, ting, akasema huyu msichana ana akili.

Mimi jasho, yeye akili. Sawa.

Jioni nimempata fundi wa magari karibu na stendi, alikuwa na gundi ya vioo vya mbele vya lori, imebaki chini ya mrija. Nimemwahidi picha ya bure na mama yake. Nimeziba pembe zote. Inanuka siki. Tuone kesho.

Jumapili, 9 Juni

Hakivuji! Hakivuji! Hakivuji!

Baada ya kanisa tumeshuka Turkwel, mimi na yeye. Mto umeanza kurudi nyuma, umeacha vidimbwi, humo tumenasa visamaki kwa kitambaa, kila mtu vyake. Nimechota mchanga, nikauosha kwenye karai mpaka mikono ikakauka. Ukiuosha mara moja tu, maji hubaki rangi ya chai. Mimea tumeing'oa kwenye mfereji wa mashamba, ile myembamba kama nywele, na mingine ya majani ya duara. Nyachuol alikuwa anaimba ndani ya maji, gauni amelifunga kiunoni, miguu mirefu ile. Wanawake waliokuwa wanafua wakamwamkia, ejok, ejok, kana kwamba yeye ndiye mzaliwa. Mimi nikapewa kazi ya kubeba karai.

Nina siri yangu lakini. Nimepitia bomani kwa ndugu yangu, nikajaza kopo samadi ya mbuzi, ya zamani, laini kabisa. Nimeitandika chini, mchanga juu. Mimea hula mbolea, nani asiyejua? Yeye ameweka mchanga mtupu. Atalia.

Alhamisi, 13 Juni

Inanuka. Mungu wangu, inanuka!

Maji yamekuwa ya kijani, si kijani cha majani, kijani cha kidonda. Mapovu yanapanda kutoka chini. Visamaki vyangu viliamka vimeelea. Bosi aliingia, akashika pua, akasema, "Nakiru, wateja wamekuja studio ama wamekuja boma?" Mteja akacheka. Nyachuol hakucheka. Afadhali angecheka!

Chupa yake imetulia juu ya kaunta. Maji unaona mpaka upande wa pili. Majani yamesimama wima, visamaki vinatoka na kuingia. Nimekaa nikaitazama mpaka picha ya mtu ikaungua kwenye dawa. Ni kitu kizuri. Ndiyo maana roho inaniuma. Kingekuwa kibaya ningemhurumia, na mimi ni hodari wa kuhurumia.

Ijumaa, 14 Juni

Amenifundisha. Sikumwomba! Amechuchumaa kando yangu nikimwaga uozo wangu, akasema: "Dada, hiyo mavi ya mbuzi ni ya shamba. Hapa kidogo tu inaua. Na maji ya bomba iko na dawa, wacha ilale kwa beseni kwanza. Na usiweke dirishani, jua inapika." Akanigawia nusu ya mimea yake. Nusu!

Mtu akikuficha siri unamchukia, unapumua. Mtu akikupa mkononi, utafanya nini?

Jumanne, 18 Juni

Kisanduku changu kimekubali. Maji yamelala, mchanga mweupe, kijiwe cha lava kutoka njia ya Lorugum, kipande cha mzizi mkavu. Nyuma nimebandika karatasi nyeusi ya kufungia filamu, na kijani kimeng'aa juu ya weusi ule. Hilo ni wazo langu, langu peke yangu. Nilisimama mbele yake kama mama wa mtoto mchanga.

Bosi ameamua. Chupa haifai, inapinda sura za watu. Kisanduku cha Nakiru kinafaa! Nilitaka kurukaruka. Lakini mimea ya chupani ni mizuri zaidi, ihamishwe yote kwenye kisanduku. Na visamaki vyake. Basi sasa ni kisanduku changu, na ndani yake kila kinachopumua ni cha Nyachuol.

Unadhani nani anasifiwa? Mchana mzima: "Bustani ya Nyachuol, bustani ya Nyachuol." Nani husifu sufuria?

Jumamosi, 22 Juni. Kakuma

Tumefika na msafara wa malori. Nimekipakata kisanduku tangu Lodwar, nimekifunga blanketi, maji kidogo tu chini, mengine kwenye jerikeni. Mapaja yamekufa ganzi. Nyachuol alilala begani kwangu akakoroma.

Studio ni chumba cha bati, pazia la bluu, kiti, meza, chumba cha giza ukubwa wa kabati. Na kitanda nyuma ya pazia. Nimekikalia. Springi zake zinalia. Nimekipenda kitanda hiki!

Tunafanya kazi pamoja hadi Ereng aje wiki ya kwanza ya Julai kuamua nani abaki na ufunguo. Kwa sasa ninao mimi, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nimeutia uzi, uko shingoni.

Jumanne, 25 Juni

Watu! Vijana wa Kidinka wanakuja na suti moja wanaazimana mlangoni. Akina mama wa Kongo na vitenge. Wote kando ya kisanduku. Kuna mzee wa Juba aliyegusa kioo kwa kiganja akakaa hivyo, hakutaka kupigwa picha kabisa, alitaka kukaa tu.

Na wote wanamwita Nyachuol. Anajua Kiarabu chao, anajua nani amefiwa, nani amejifungua. Mimi nikiwa nyuma ya kamera naambiwa, "Wewe Mturkana, sogea kidogo, tunaongea na dada."

Sogea! Kwenye nchi yetu! Nimeandika hivyo nikaona aibu, lakini sifuti.

Mchana tulikula hotelini, sisi wawili na Yien, binamu yake, mpakiaji mizigo. Mwenye hoteli alileta samaki wa ziwani wa kukaanga. Nyachuol alipoona ni kambale alisukuma sahani, akageuza uso. Nikamuuliza Yien, samaki wengine kama ngege anakula, kambale vipi? Akasema, "Hii ya ndevu, hapana. Ukoo yetu haikule. Hata kupiga, hata kufunga, hapana. Ni kama ndugu yetu ya zamani. Ikifa mkononi mwako, ni mambo mbaya sana. Wazee wanaitisha mbuzi ya kuchinja, wanaita maombi, na watu wa ukoo hawaingii nyumba yako."

Nilitikisa kichwa kwa heshima. Sisi pia kila ukoo una chapa yake ya mifugo na miiko yake, sikucheka. Nililipa hata chai.

Lakini akilini kitu kilikuwa kimeshakaa.

Ijumaa, 28 Juni

Niko njiani kurudi Kakuma, nimepumzika chini ya lori. Nilikwenda Lodwar kuleta karatasi za picha. Nimeleta karatasi. Nimeleta pia kopo la mafuta ya kupikia, nimetoboa kifuniko. Kambale mdogo, urefu wa kiganja. Mvuvi wa vidimbwini aliniuliza utamla peke yake, mdogo hivi? Nikasema ni dawa.

Hakuna atakayeumia. Nyachuol ataona kambale amefungwa ndani ya kioo, ataogopa, hatakigusa tena kisanduku, hataingia hata chumbani. Bosi atakuta ninafanya kazi peke yangu. Ndiyo yote. Sijamloga mtu.

Kambale anagonga kopo. Tok. Tok.

Jumamosi, 29 Juni

Nilimtia kambale kisandukuni asubuhi, Nyachuol akiwa bombani. Kufumba na kufumbua amemeza visamaki vyote! Sikufikiria hilo. Akatulia chini ya mzizi na ndevu zake, kama mwenye nyumba.

Nyachuol akaingia na ndoo. Akaona. Ndoo akaiweka chini polepole. Nikangoja ukelele.

Akavua ndala. Akapiga magoti mbele ya meza, akaanza kusema naye kwa Kinuer, chini chini, kama mtu anayemwamkia mgeni aliyetoka safari ndefu. Akachukua maziwa ya unga ya mgao, akakoroga kidogo, akamwaga tone ardhini, si ndani ya maji. Machozi yanamshuka lakini uso unacheka.

Akaniuliza nani amemleta. Nikasema sijui. Nikasema labda alikuja na maji ya mto akiwa yai, amekua. Uongo wa kitoto! Hata mbuzi angeukataa. Lakini Nyachuol akanitazama kwa macho yale, akasema, "Baba alikufa njiani tukikimbia. Hatukufika mto. Mama kila siku anasema, kama tungefika mto tu, kwa hii ndugu yetu ya ndevu." Akagusa kioo. "Huyu amenifuata."

Nikaenda chumba cha giza, nikakaa. Sikuwa na filamu ya kusafisha.

Jumatatu, 1 Julai

Habari imefika kambini. Tangu asubuhi ni foleni. Watu wa ukoo wake, wazee wenye mistari ya chale kwenye paji la uso, akina mama na watoto waliooshwa vizuri. Wanaacha viatu nje. Wanaweka tumbaku kidogo mezani. Halafu wanakaa kando ya kioo, wananyooka, mimi nabonyeza. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hizi maishani mwangu. Hakuna uso hata mmoja wa kufuta kwa penseli.

Na nimewapa mimi! Kambale ni wangu, kioo ni changu, karatasi nyeusi ni yangu, wivu ni wangu. Yeye ameketi katikati anapokea mikono.

Jumapili anaimba kanisani mpaka bati linatetemeka, Jumatatu anamwamkia kambale. Nilimwuliza Mungu wake anasemaje. Akasema Mungu ndiye aliyemuumba kambale, kwani nani mwingine?

Amesema mvua ikinyesha na laga ya Tarach, ule mto mkavu, ijae, atamwachilia. Asife ndani ya kioo. Akafunika juu kwa wavu wa mbu na mawe pembeni. "Dada, huyu anatembea. Usiache wazi hata kidogo." Nikasema sawa.

Jumatano, 3 Julai

Ereng ametuma neno kwa dereva. Anafika kesho mchana, na amekwisha kuamua. Nyachuol abaki Kakuma. Mimi nirudi Lodwar kwa penseli yangu, maana, eti, hakuna mwenye mkono mwepesi kama wa Nakiru.

Mkono mwepesi!

Nyachuol aliposikia alikasirika kunishinda. Alimwambia dereva amwambie bosi kwamba Nakiru naye abaki, kitanda kinatosha wawili, kwamba bila Nakiru hakuna kioo. Dereva akacheka. Kama Nyachuol angenicheka, ningeweza kumchukia vizuri, mara moja, nikamaliza. Sasa hata wema wake nauonea wivu. Mtu anaupata wapi, mtu aliyetembea miguu mitupu kutoka vitani? Mimi nilipita njia gani ambayo haukuwepo?

Nimeshika ufunguo shingoni mpaka uzi umenikata.

Alhamisi, 4 Julai

Naandika mchana, mlango nimeufunga kwa ndani.

Nyachuol aliondoka mapema kwenda kambini kumleta mama yake. Mama hajamwona kambale, miguu yake mibovu, Yien angemleta kwa mkokoteni. Watarudi saa ile ile anayofika Ereng. Kila kitu siku moja.

Alikuja mteja, Mturkana mwenzangu, anataka picha bila wavu kuonekana. Nikauondoa wavu, nikapiga. Mteja akaenda. Wavu ukabaki kwenye kiti.

Nilisahau. Nilitaka kuandika nilisahau. Niliutazama wavu. Nikautazama tena. Nikaingia chumba cha giza.

Picha ilikuwa kwenye dawa, sura inaanza kutoka, niliposikia pa! Kitu kimeanguka kwenye saruji. Nilijua ni nini. Nikaendelea kutikisa trei. Pua ikatoka, mdomo ukatoka, kitambaa cha shingo kikatoka. Nikaiosha picha. Nikaining'iniza. Ndipo nikatoka.

Alikuwa katikati ya chumba, mavumbi yamemganda, anajisukuma kwa mapezi. Alikuwa anaelekea mlangoni. Hakuwa anaenda popote pengine, mlangoni! Nikasimama juu yake. Nikafikiri: acha tu. Watakuta amekufa, watu wa ukoo hawataingia tena, Ereng hataweza kumwachia studio isiyo na wateja, ufunguo utabaki. Sitakuwa nimefanya lolote. Nitakuwa nimesimama tu.

Ndevu zake zikagusa kidole changu cha mguu.

Sijui. Nimemwokota. Ni mzito kuliko nilivyofikiri, na ana nguvu. Nimemtia kwenye beseni la maji yaliyolala, yale ambayo Nyachuol aliyaweka jana. Nimelowesha gunia, nimefunika nusu. Ubavuni ana mchubuko mrefu, ngozi imetoka. Alilala kichalichali, nikasema amekwenda. Sasa amesimama sawa. Anapanda, anameza hewa, anashuka.

Nikimrudisha kwenye kioo, mchubuko utaonekana. Mama yule atasogeza uso wake pale, atauona kabla ya mtu yeyote. Atauliza, na Nyachuol atanigeukia mimi, na ataamini chochote nitakachosema. Hilo ndilo baya. Ataamini!

Nikisema ukweli, nauanzia wapi? Kwenye wavu? Kwenye kopo la mafuta? Kwenye samadi?

Nasikia gurudumu la mkokoteni. Linalia kama springi za kitanda. Wanawake wanaimba nyuma yake, wengi, si mama peke yake. Na gari, hilo ni gari la Ereng, najua ekzosi yake.

Beseni liko magotini, naandika juu ya ukingo wake, karatasi imelowa.

Wanavua viatu. Nasikia ndala zinaangushwa moja moja pale nje. Ereng anauliza kwa nini kumefungwa mchana, anasukuma bati. Nyachuol anamwambia taratibu, usipige kelele, atashtuka. Sijui anasema kambale au anasema mimi.

Sasa anabisha kwa kucha tu. "Dada Nakiru. Fungua. Mama amefika."

Ufunguo uko shingoni. Kambale amepanda tena juu, mdomo wazi. Nauvua uzi, nafungua na beseni mikononi.